Siku Tulipoiba Futi ya Mkaguzi

Kwa miaka minne nilifundisha darasa la pili nikiwa nimeligeuzia mgongo darasa la tatu. Si kwa dharau. Chumba kilikuwa kimoja, mbao mbili, moja kila upande, na watoto wamekaa wakipeana migongo: wangu wananitazama mimi, wa mwenzangu wanamtazama mwenzangu. Mwenzangu huyo, Mungu amzidishie afya, ana sauti ya kuweza kusimamisha treni. Nikiuliza nane kutoa tatu ni ngapi, mtoto wangu alikuwa anasimama, anafunga mikono nyuma kwa adabu, kisha ananijibu, "Mto Malagarasi." Na upande wa pili unasikia mtoto wa darasa la tatu akisema mto mrefu kuliko yote mkoani kwetu ni tano.

Wazazi waliponiuliza inakuwaje mtoto wa darasa la pili ajue mito yote ya Tanzania lakini kutoa hajui, niliwaambia kuna mtaala mpya. Nilidanganya, na sijatubu vizuri mpaka leo.

Shule yetu iko pembeni kidogo ya Kanyenye, hapa Tabora mjini, pale nyumba za mjini zinapoanza kuchoka na mashamba kuanza. Nyuma ya chumba chetu palikuwa na boma, yaani kuta zisizo na paa, lililojengwa kwa nguvu za wananchi kabla mimi sijahamia. Lilifika usawa wa madirisha, watu wakaishiwa pumzi. Mvua zikalikuta hivyo hivyo, mwaka wa kwanza zikalilainisha, wa pili zikalilaza. Nilipofika mimi lilikuwa la mbuzi. Mbuzi walishajigawia vyumba, na beberu mmoja mwenye ndevu alikalia mahali palipokusudiwa kuwa ofisi ya mwalimu mkuu. Walimu tulikuwa tukipita tunampa shikamoo.

Kwa hiyo mtaa ulipoitishwa mkutano kupiga kura kama tujenge boma jingine, watu walikuja na nyuso za kufiwa. Mtendaji wa kata alieleza utaratibu. Boma lolote litakalofika usawa wa renta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, siku mkaguzi atakapopita, serikali italipaua kwa pesa zake. Lisilofika litasubiri mwaka mwingine. Kila mtu alijua maana ya kusubiri mwaka mwingine. Maana yake ilikuwa imesimama pale nyuma inacheua.

Mzee mmoja alisema yeye tofali zake za mara ya kwanza bado anaziona, zinalaliwa na mbuzi wa jirani. Watu wakacheka, na mimi kicheko kile kiliniuma kwelikweli. Mimi ni mwanamke wa hasira za karibu. Nikasimama bila kuruhusiwa, nikasema mengi, na mwisho nikasema neno ambalo mtu mwenye akili angelimeza: kwamba tujenge, na boma hili lisipopauliwa, wote waliopo wana ruhusa ya kuniita mwongo mpaka siku ya kunizika. Mdomo huponza kichwa, nami wangu haujawahi kukipa kichwa nafasi ya kupumua.

Kura ikapigwa kwa kunyoosha mikono. Wengine walinyoosha mmoja, wengine yote miwili kwa msisitizo, na mama mmoja alinyoosha wake na wa mtoto aliyekuwa mgongoni. Zilihesabiwa mara tatu, na mara zote tatu waliokubali walikuwa wengi kuliko waliohudhuria. Mtendaji akachoka, akaamuru wanaopinga wakae kushoto. Kushoto alikutwa mtu mmoja, naye akaeleza kuwa amefuata kivuli.

Basi ikapita. Kila kaya ilete matofali ya kuchoma na ndoo za maji, na asiye na matofali alete mikono. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi akachaguliwa mfanyabiashara wa kanga wa Kanyenye, mtu aliyehiji, mpole mpaka anatia huruma. Duka lake hujaa watu wanaokunywa kahawa yake na kuondoka bila kununua hata leso. Mimi nikafanywa katibu, kwa sababu nina mwandiko mzuri na kwa sababu, kama alivyosema mtu mmoja kwa sauti ya chini iliyosikika vizuri, aliyeahidi asikae mbali.

Fundi tulimpata Mgogo. Hapa lazima nieleze, kwa faida ya wasiotujua. Tangu zama za misafara, babu zetu Wanyamwezi walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kupita Ugogo, ambako maji ya kunywa hayakutolewa bure, sisi na Wagogo ni watani. Mtani ana haki ambazo hata ndugu hana. Atakutukana siku ya harusi yako. Atachukua kuku wako mbele ya macho yako. Ukifiwa, ataingia kaburini kabla ya maiti, akae humo, agome kutoka mpaka apewe kitu. Na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, watu watakuona una kasoro ya malezi.

Fundi wetu haki zake alizijua zote. Siku ya kuchimba msingi aliingia kwenye mtaro, akalala chali, akakunja mikono kifuani kama marehemu, akatangaza kwamba hatoki mpaka aone pilau. Mwenyekiti akatuma watu nyumbani kwake. Tukasimama kuuzunguka ule mtaro zaidi ya saa nzima tukimsubiri mpishi, na fundi chini anatusimulia jinsi sisi Wanyamwezi tulivyobeba mizigo mpaka vichwa vikakaa kama viti. Mimi nikamjibu kwamba kiti ni bora, mtu hukikalia, kuliko yeye ambaye babu zake waliuza maji ya mvua waliyopewa bure na Mungu. Akacheka mpaka udongo ukamwingia mdomoni. Tulielewana sana.

Na kazi aliijua. Kuta zilipanda zimenyooka, wiki baada ya wiki, na kina mama wakapanda na ndoo kichwani asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Mimi nilikuwa nikitoka darasani naenda kuzihesabu kozi, yaani safu za matofali, kwa kidole, moja juu ya nyingine, kama mtu anayehesabu siku za mwezi wa Ramadhani. Ikafika Alhamisi moja zimebaki kozi mbili tu kufika renta. Mkaguzi tulikuwa tumeambiwa atapita Jumatatu. Fundi akasema siku hizo zinatosha na nyingine ya kulala.

Asubuhi ile ile simu yake ikaita. Alikuwa fundi mwenzake aliyeko Igunga. Mkaguzi ameshamaliza Igunga, ameondoka, yuko njiani kuja Tabora, na kwa mwendo wa gari lake atafika kabla ya adhuhuri.

Sitaki kudanganya tena, niliogopa. Nilikaa juu ya rundo la matofali na nikaona wazi siku ya kuzikwa kwangu, watu wamejaa, na shehe anauliza tumtaje marehemu kwa jina gani. Mwenyekiti alianza kusoma dua. Kina mama waliokuwa wameleta maji, kama kumi hivi, wakatua ndoo zao na kunitazama. Kozi mbili si kitu ukizisema kwa mdomo. Lakini hakuna namna ya kuzijenga kuzunguka kuta nzima kwa saa tatu.

Ndipo fundi akauliza swali lililotuponza. Akampigia tena yule wa Igunga, akamuuliza mkaguzi anatoka wapi. Akajibiwa Dodoma. Fundi akapiga paja. Kama anatoka Dodoma, basi huyo ni wa kwao, ni Mgogo, na kama ni Mgogo ni mtani wetu.

Ukiisoma leo umekaa kitako unaona upuuzi wake. Dodoma siku hizi ni makao makuu ya nchi, wizara zimehamia huko zote, kuna watu wa kila kabila waliozaliwa chini ya kila mlima. Lakini sisi kule kwetu Dodoma bado ni Ugogo, ni pale msafara ulipoombwa ushuru wa maji, na mtu mwenye hofu hatafuti maana nyingine akishaipata anayoitaka. Mpango ukapangwa hapo hapo. Mtani huwezi kumkatalia. Tutamzuia mlangoni, tutamtania, tutamchukulia vitu vyake, yeye atatudai, sisi tutamdai, jua litazama, na mtu aliyetaniwa vizuri hawezi kwenda kuhesabu kozi za matofali. Atarudi Jumatatu kuvikomboa vitu vyake. Hata mwenyekiti alikubali, na hilo lilipaswa kunishtua, kwa sababu yeye hukubali kila kitu.

Gari likaja. Akashuka mzee mwembamba, mvi zimechanwa vizuri, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali, kofia ngumu nyeupe kichwani, futi ya kupimia imening'inia kiunoni, faili kwapani. Kina mama walishakaa kwenye uwazi wa mlango wa boma, miguu wameinyoosha. Mimi nikamwendea. Umri wake ulistahili shikamoo, nami nikaibana kwa makusudi, maana mtani haamkiwi.

Nikamwambia karibu, mchuuzi wa maji. Nikamwambia babu zake waliwauzia babu zetu maji kwa kibuyu, na leo siku imefika, hapiti mlango huu mpaka arudishe ushuru wote, na tunaupokea kwa mabati. Nikamwambia mengine ambayo siyaandiki kwa kuwa nina wanafunzi wanaojua kusoma.

Akanitazama tu. Hakutikisa hata nyusi.

Tukapeana macho ya furaha. Tulidhani tumepata mtani bingwa, wale wa zamani wanaokutania kwa kunyamaza. Basi tukaongeza. Mama mmoja akamvua ile kofia, akaivaa, akaanza kucheza, wenzake wakapiga vigelegele. Fundi akaichomoa futi kiunoni, akasema anaizuia kwa niaba ya ukoo. Na mwenyekiti wetu, mtu wa swala tano, asiyewahi kuokota hata embe la jirani, akasogea kwa adabu, akasema "samahani kidogo", akamchomolea mgeni kalamu mfukoni. Alikuwa anatetemeka kwa raha.

Mgeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama tumemaliza.

"Bado, mtani," nikamjibu. "Ndiyo kwanza tunaanza."

Akageuka, akapanda gari, akaondoka. Kuta hakuzitazama hata kidogo. Tulishangilia. Kina mama walikumbatiana, mimi nikapeana mikono na fundi, na mwenyekiti akawa anaionyesha ile kalamu kwa kila mtu. Dakika tano hivi tulikuwa watu wenye furaha kuliko wote Tabora.

Fundi ndiye wa kwanza kunyamaza. Nikamuuliza kulikoni. Akasema kuna jambo halimkai sawa: hajawahi kumwona Mgogo anayeondoka bila kurudisha hata tusi moja.

Kabla sijamjibu, simu yangu ikaita. Alikuwa mtendaji wa kata. Hakunisalimia. Aliniuliza tumemfanya nini mgeni wa serikali, kwa maana amepita ofisini kwake kichwa wazi, hana futi, hana kalamu, akaomba ya kuazima asaini kitabu cha wageni, na hakusema lolote zaidi ya kwamba kesho yuko Igalula. Nikaanza kumweleza kuwa ni utani tu, ni Mgogo. Mtendaji akanikatiza.

"Yule ni Mpare," akasema.

Wapare na sisi hatuna utani wa aina yoyote. Misafara ya babu zetu haikupita milimani kwao, hatukuuziana maji wala chumvi. Na msomaji anajua yanayosemwa kuhusu Wapare nchi nzima, kwamba wanaipenda kesi, na kwamba mmoja wao atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Sijui kama ni kweli. Siku ile niliamini kwa moyo wote. Tulikuwa tumemwita mzee wa watu mchuuzi wa maji, tumemvua kofia, na tumemwibia mchana kweupe mbele ya dereva wa serikali. Ile kofia nyeupe ikawa moto, kila mama alimsukumia mwenzake, na mwenyekiti akashika kalamu kwa ncha za vidole, mbali na mwili wake.

Hakuna aliyenigombeza. Walianza tu kuokota ndoo zao, mmoja mmoja. Wangenitukana ningeweza kujibu, kujibu najua. Lakini yule mama aliyenyoosha mkono wa mtoto wake siku ya kura alipita mbele yangu akaniambia pole, mwalimu, na hiyo ndiyo iliyonivunja. Nililia njia nzima mpaka nyumbani.

Kesho yake niliomba ruhusa, nikaviweka vile vitu kwenye kikapu, nikachukua bodaboda kwenda Igalula. Dereva hakuwa na kofia ya abiria. Akachungulia kikapuni, akasema askari wako barabarani leo, kwa nini nisivae hiyo. Nikaivaa. Basi nilisafiri mwendo wote ule, vumbi limejaa kwenye meno, nimevaa mali ya wizi kichwani. Tulipopita vijijini watu walisimama kando kwa heshima, na wazee wawili waliniuliza barabara itawekwa lami lini. Nilisema mwakani, ili tusichelewe.

Igalula nilimkuta nyuma ya shule yao, karibu na kituo cha reli. Nilichokiona sikisahau. Alikuwa anapima ukuta kwa futi ya mshona nguo. Ile laini, ya njano, ya mita moja na nusu. Na mwenye futi, fundi cherehani wa pale stesheni, hakuwa tayari kuiachia mikononi mwa mtu asiyemjua, kwa hiyo alikuwa ameshika ncha ya pili mwenyewe, na walikuwa wanatembea pamoja kando ya ukuta, kipande kwa kipande, huyu anasogea, yule anasogea. Fundi cherehani alikuwa anazitaja namba kwa sauti, na mazoea ni mabaya, kwenye kona alimuuliza mkaguzi kama anataka iwe ya kubana au ya kupwaya.

Nikapiga magoti, nikasema shikamoo. Ilikuwa ile niliyoibana jana, na nilijitahidi iwe ndefu.

"Marahaba," akasema. Halafu akawa anatazama juu ya macho yangu, na hapo nikakumbuka kuwa kofia yake bado iko kichwani mwangu.

Nilieleza yote. Nilimweleza utani na Wagogo, na maji, na simu ya Igunga, na nikaona haitoshi, nikamwambia na lile ambalo sikupanga kulisema: kwamba hatukumtania kwa kumpenda, tulitaka asione kozi mbili. Nikamwambia nani aliyetoa ahadi mbele ya mtaa. Nikamwambia habari za mbuzi. Maneno yalipoisha nikabaki pale chini natazama viatu vyake, ambavyo navyo vilikuwa vimepigwa rangi.

Aliniinua kwa mkono. Akauliza ni kozi mbili kweli, si tatu. Mbili. Akauliza maji anayachota nani. Nikamwambia kina mama, kabla ya soko. Akaiachia ile futi ya njano, fundi cherehani akaikunja haraka, na mkaguzi akasimama kidogo akitazama upande wa reli. Akasema kwao milimani kazi ya namna hiyo huitwa msaragambo, na kwamba yeye alisoma kwenye darasa ambalo mama yake alilibebea mawe kutoka bondeni akiwa na mimba ya mdogo wake. Alilisema hilo kikavu, kama anayesoma faili. Kisha akasema siku yake ya mwisho ya kazi huku ni Jumatatu, na akipima boma popote huandika alichokiona siku aliyopima, hawezi kuandika kingine.

Nikaitoa futi yake kikapuni nikamkabidhi kwa mikono miwili. Hakuipokea.

"Mwalimu, futi yangu iliibiwa Tabora," akasema. "Na mimi leo sijakuona."

Nikamwambia lakini mimi niko hapa. Akasema hajaniona. Nikasema na futi ni hii, nimekuja nayo mwenyewe, siyo yangu. Akasema wezi wake anatarajia watavirudisha vitu Jumatatu asubuhi, pale pale walipomwibia, na hapo atakuwa na kitu cha kupimia. Nikafungua mdomo nimweleze tena kwamba hakuna haja ya kusubiri. Fundi cherehani akanivuta kanga.

"Mama, umesoma wapi wewe?" akaninong'oneza. "Ondoka. Nenda kajenge."

Nilirudi Tabora nikimwambia dereva aongeze mwendo na nikimkumbatia kiunoni kwa nguvu kuliko inavyompasa mwanamke wa umri wangu. Jumamosi ilipopambazuka tulikuwa wote pale. Fundi hakumtukana mtu yeyote siku mbili nzima, na jambo hilo lilitutisha kiasi kwamba tulifanya kazi maradufu. Mwenyekiti alifunga duka, akabeba matofali kwa kanzu, akiyapakata mbele kama mtu anayeokota ukwaju. Mimi nilikanyaga udongo mpaka magotini. Mwenzangu wa darasa la tatu alisimama juu ya ngazi kuita maji, na nina hakika walimsikia Urambo. Jumapili, wale waliotoka misa walikuja na viatu vya misa mkononi. Tofali la mwisho lilikaa alasiri, na fundi aliweka pima maji ya kuonyesha usawa juu yake, akainama kuitazama, akalala chali pale pale juu ya jukwaa bila kudai pilau.

Jumatatu tulijipanga. Vitu vya mgeni tuliviweka kwenye sinia, tukavifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama mahari. Gari likaja. Mzee akashuka kichwa wazi, akaenda moja kwa moja kwenye sinia, akafunua, akavaa kofia yake, akachomeka kalamu yake, akachukua futi yake. Aliingia bomani, mlango ukiwa wazi kabisa safari hii, hata kuku hakuwepo njiani. Akapima urefu na upana. Akapanda ngazi, akahesabu kozi kwa kidole, kona ya kwanza mpaka ya nne, huku sisi chini tukihesabu naye midomo ikicheza bila sauti. Akagusa udongo wa kozi ya juu, akautazama kwenye kidole chake. Ulikuwa bado na unyevu. Akajifuta kwa leso.

Akashuka. Akaandika kwenye faili akiwa amesimama, akasaini, akampa mwenyekiti naye asaini, kisha mimi. Kwa mara ya kwanza mwandiko wangu ulikuwa mbaya.

"Limefika," akasema.

Hakuna aliyeshangilia. Tulikuwa tumeshakubaliana. Kina mama walipiga magoti wote pamoja, nami mbele yao, na mwenyekiti akainamisha kichwa, tukaanza kuomba radhi kwa yale ya Alhamisi. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, ya kitabuni. Sikufika nayo popote.

"Simameni," akasema yule mzee. "Mtani haombwi radhi."

Kisha akanyoosha mkono, akaichukua ile kofia ya kufuma iliyokuwa kichwani mwa mwenyekiti, ile aliyorudi nayo kutoka Maka, akavua yake ngumu, akaivaa hiyo, akapanda gari na kuondoka. Mwenyekiti alibaki na kipara chake juani, mdomo wazi, machozi yanamtoka, na fundi ndiye aliyeanza kucheka.

Mabati yalifika kabla ya mvua za kwanza. Kofia haijarudi mpaka leo, na mwenyekiti ameapa kwamba siku akiiona imerudishwa, atakasirika.